Haki ya Ardhi Haimngoji Aliyelala

Wapenda mageuzi na waumini wenzetu,

Kisa cha shamba la Nabothi hapa Sabaki hakihitaji mhubiri wa kukifafanua. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Aliyedai na kukubaliwa alipewa hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na si kwa karatasi, wakageuzwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mwaka 1914 Wagiriama wakafukuzwa kaskazini ya Mto Sabaki kwa bunduki na moto. Uhuru ukaja mwaka 1963, na hati zile zikabaki na nguvu zake.

Tulipodai vyama vingi, hadi kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991, hatukudai karatasi za kura peke yake. Tulidai pia mahakama ambayo mnyonge ataingia bila kuinamisha kichwa. Katiba ya mwaka 2010 ilileta Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo huketi Malindi. Sheria ya mwaka 2012 yasema kwamba hati iliyopatikana kinyume cha sheria au kwa njia ya ufisadi yaweza kubatilishwa. Basi tusitishwe na muhuri.

Lakini sheria hukata kuwili. Aliyenyang'anywa shamba ana miaka 12 ya kulidai mahakamani. Ikipita, kwa kawaida dai lake limekufa. Naye aliyekaa katika ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenye hati, aweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Mahakama ya Rufani, ilipoketi Malindi mwaka 2015, iliamua kuwa kanuni hiyo haipingani na Katiba. Kwa ardhi ya umma haitumiki.

Kwa hiyo twawasihi: msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi isemayo kwamba mmekaribishwa au ni wapangaji, ikiwa si kweli. Wino huo waweza kufuta jasho la miaka yote. Andikeni umri wa minazi, mahali pa makaburi na maneno ya wazee wangali hai, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Na makanisa yafungue milango kwa mawakili wa wanyonge. Kumwombea Nabothi ni jambo jema. Kumsindikiza hadi mahakamani kabla siku hazijaisha ni wajibu wetu.