Kadi ya uanachama bila mtoto ni karatasi tu

Najua nimepotea. Majaribio yamenibana, halafu kuna ile kazi ya kundi ambayo kundi lenyewe ni mimi peke yangu, wenzangu wameandika majina tu. Leo nimepata nafasi, nimekaa hapa nje ya bweni, acha niyatoe ya moyoni kabla hayajachacha.

Nianze na kichekesho. Juzi nimeongea na mama kwa simu, nikamwambia watu wa kwetu hapa chuoni tunataka kupeleka skwashi nyumbani Nyarubungo. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Ya maembe au ya nanasi?" Mama anaijua skwashi ya chupa, ile ya kuchanganya na maji wageni wakija. Nikamweleza kuwa huu ni mchezo, watu wawili wanaingia chumbani na raketi, wanapigisha mpira ukutani kwa zamu. Akasema, "Mbona wewe ulikuwa unafanya hivyo kwenye ukuta wa jiko, na nilikuchapa?"

Mnacheka, lakini shikeni hayo maneno ya mama. Nitayarudia.

Chanzo cha yote ni kikao cha Jumapili iliyopita. Sisi wanafunzi tunaotoka Ngara na Biharamulo huwa tunakutana, Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wasukuma wa kwetu, tunachangiana nauli na misiba. Safari hii ajenda ilikuwa michezo. Jamaa mmoja, kichwa kweli kweli, akaja na hoja ya skwashi. Alisema Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipitisha skwashi ichezwe Los Angeles 2028, kwa mara ya kwanza kabisa katika Olimpiki. Kwa hiyo tuwahi. Tufungue klabu ya wilaya mbili, kiingilio elfu thelathini, ada elfu tano kwa mwezi, kadi na fulana. Tusajili watumishi wa halmashauri, walimu, wafanyabiashara wa Nyakanazi na Lusahunga. Fedha ikitosha tujenge uwanja. Nikauliza, na watoto je? Akanijibu, "Watoto watakuja klabu ikishasimama."

Kikao karibu chote kikapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilishindwa kueleza kwa nini, maana nikichachamaa huwa nagugumia. Jumamosi hii tunapiga kura, kwa hiyo leo naeleza kwa maandishi.

Skwashi nimeiona kwa macho yangu mara moja, nikiwa mwaka wa kwanza. Rafiki yangu ana mjomba mwanachama wa klabu moja hapa mjini, akatuingiza kama wageni. Uwanja wenyewe si mkubwa, una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, yaani ni kama darasa la kwetu. Mpira ni mdogo wa raba, tena ule wa wazoefu haudundi mpaka upigwe upate joto. Watu wazima wawili walikuwa wanakimbizana humo ndani mpaka fulana zinachuruzika. Nilifurahi, sidanganyi. Ila kilichonibakia kichwani si mchezo. Ni kijana mmoja aliyekuwa anafagia uwanja baada ya kila mechi. Nikamuuliza, wewe unacheza? Akacheka, akasema yuko pale mwaka wa tatu, hajawahi kushika raketi mbele ya watu, kwa sababu yeye si mwanachama.

Miaka mitatu! Mtu anaujua kila ubao wa sakafu ile, anajua mpira utaangukia wapi kabla mchezaji hajapiga, lakini hana kadi.

Sasa linganisheni na huyu. Karibu na Peshawar, enzi za Mwingereza, kulikuwa na mtoto anaitwa Hashim Khan. Baba yake alikuwa mtumishi katika klabu ya maofisa. Viwanja vya pale havikuwa na paa, na mtoto kazi yake ilikuwa kuokota mipira inayotoka nje. Maofisa wakiondoka kukwepa jua, yeye anaingia peku kucheza. Uanachama wa klabu ile hakuwa nao. Mwaka 1951 alikwenda Uingereza akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini, akachukua ubingwa wa mashindano ya Uingereza, yaliyokuwa makubwa kuliko yote wakati ule. Akayachukua mara saba. Nyuma yake wakaja ndugu na jamaa, mpaka Jahangir Khan aliyeyachukua mara kumi mfululizo, 1982 hadi 1991. Ukoo mzima wa mabingwa ulitoka kwa mtoto mwokota mipira.

Na kabla ya Peshawar, mchezo wenyewe umetoka wapi? Kwa wanafunzi. Karne ya 19 vijana wa shule ya Harrow huko Uingereza walikuwa wakisubiri zamu ya mchezo mwingine wa raketi, wakawa wanapiga mpira laini kwenye kuta za karibu. Viwanja vyenye vipimo vilikuja baadaye. Yaani mama yangu na ukuta wake wa jiko hayuko mbali na historia.

Mtu ataniambia, mbona Misri wamekua ndani ya klabu? Kweli, na sikatai. Leo huwezi kutaja skwashi duniani bila Misri. Lakini tazameni vizuri. Klabu zao kubwa za Cairo ni za familia, baba akiwa mwanachama mtoto naye yumo, anashinda pale baada ya shule. Halafu mwaka 1996 waliweka uwanja wa vioo mbele ya piramidi za Giza, na kijana wao Ahmed Barada, hata miaka ishirini hajafika, akaingia fainali dhidi ya Jansher Khan. Alifungwa, lakini watoto walimwona. Mwaka 2009 Nour El Sherbini akawa bingwa wa dunia wa chipukizi akiwa na miaka 13 tu, na 2016 akawa bingwa wa dunia wa wakubwa. Kwa hiyo hata pale penye kadi, mtoto hakuambiwa asubiri klabu isimame.

Sasa tuje karibu. Chesi nayo ilikuwa ikionekana ni mchezo wa wasomi. Robert Katende akaenda nayo Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, akawakusanya watoto wasio na chochote. Alikuwa na ubao wa chesi na uji. Phiona Mutesi alimfuata kaka yake pale, uji ukiwa sehemu ya kilichomvuta, na mwaka 2010 alikuwa Urusi anaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Na kwenye skwashi yenyewe, mwaka 1996 Greg Zaff alianzisha SquashBusters mjini Boston kwa watoto wa shule wa familia za kawaida. Mtoto anacheza, na masomo anasaidiwa. Mimi kama mwalimu mtarajiwa hiyo ndiyo imeniingia kuliko yote.

Hadi hapo mtasema nimeshinda hoja. Bado. Sasa niwaambie nilivyoshindwa mimi mwenyewe.

Mwaka jana wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja ya kata kule kwetu. Nyuma ya darasa la kidato cha pili kulikuwa na ukuta mrefu hauna madirisha. Nikanunua mipira mitatu ya tenisi, fundi seremala akanikatia vibao vinne vya plaiwudi vyenye mpini, nikachora mstari kwa chokaa. Siku ya kwanza walikuja watoto saba, wiki ya pili wakawa zaidi ya thelathini, wengine wanapigia kandambili. Hapakuwa na kuta za pembeni, kwa hiyo haikuwa skwashi kamili. Lakini zamu, kuhesabu pointi, kurudi katikati baada ya kupiga, vyote vilikuwepo.

Nilijifunza mambo mawili haraka. Kwanza, saa kumi jioni wasichana wote walipotea, kumbe wanawahi maji na kuni. Nikahamishia zamu yao mapumziko ya saa nne asubuhi, wakarudi. Mmoja wao alikuwa ananitoa jasho mimi mwalimu wake. Pili, plasta ilianza kubanduka, mkuu wa shule akapiga marufuku. Nilikasirika sana, lakini ukuta ulijengwa kwa michango ya wazazi, alikuwa na haki ya kuulinda. Tukaenda kuomba radhi, watoto wakaleta mchanga, tukanunua saruji kidogo, wakaziba wenyewe. Akaturuhusu siku tatu kwa wiki.

Nikaondoka Septemba nikijiona shujaa. Mwezi wa kumi na moja nikapiga simu kuuliza hali. Kimya. Mipira ilipasuka, vibao vikachukuliwa, hakuna mwalimu aliyejua kuwa lile jambo sasa ni lake. Yule binti ananiulizia, nikaambiwa, kama nitarudi lini.

Hilo liliniuma kuliko kufeli mtihani. Na ndipo nilipoelewa kwamba yule jamaa wa kikao hajakosea kabisa. Watoto bila mtu mzima aliyejifunga kubaki, ni moto wa mabua. Mimi nilileta mpira, sikuacha mtu. Klabu ni namna ya kuacha mtu.

Kwa hiyo sipingi uanachama. Napinga uanachama unaouliza una shilingi ngapi na kuishia hapo. Pendekezo langu kwa Jumamosi ni hili. Kila anayetaka kadi awe na watoto wawili anaowajibika kwao kwa jina, mmoja wao msichana. Anayeishi kule atawasimamia mwenyewe mara moja kwa wiki. Tulioko vyuoni tutalipa ada ndogo ya kununua mipira, na likizo tutakuwa ukutani. Ada ishuke, elfu tano kwa mwaka inatosha kuanzia. Kila shule tutakayoingia iwe na mwalimu mmoja aliyekubali kwa hiari, na mkuu wa shule aombwe ruhusa kabla ya mpira wa kwanza kugusa plasta. Mwisho wa mwaka tusisomeane idadi ya kadi. Tusomeane majina ya watoto walioanza Januari na bado wapo Novemba.

Najua maswali. Kwa nini si soka? Soka lipo, na halinihitaji. Hata UMITASHUMTA na UMISSETA zina soka, netiboli na riadha, ila skwashi haimo. Lakini ukuta unambeba mtoto ambaye hachaguliwi kwenye kumi na moja wa kwanza, na hauhitaji uwanja wa nyasi kwenye milima yetu. Watoto hawana madawati, sisi tunaleta raketi? Ni kweli, na ndiyo maana sitaki tuanze kuchangisha uwanja wa mamilioni wakati vibao vinne na chokaa vinatosha kujua kama watoto wanaupenda. Na baada ya ukuta waende wapi? Hapo ndipo ndugu yetu na mpango wake wa jengo anapopata kazi. Siku tukiwa na watoto mia wanaojua kupiga, hata mfadhili tukimwendea tutakuwa na cha kumwonyesha. Jengo tupu lenye kadi arobaini za watu wazima litakuwa ukumbi wa harusi ndani ya miaka miwili. Mnatujua.

Mnaotoka kwingine msidhani haya ni ya Kagera tu. Kila mmoja wenu kwao kuna klabu ya kitu fulani yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mhuri, isiyo na mtoto hata mmoja. Na kila mmoja ana kijana anayemjua anafagia uwanja asiocheza.

Mimi Jumamosi nitasimama, nitagugumia kama kawaida yangu, lakini safari hii nina karatasi mkononi. Hata nikishindwa kura, Julai nikienda likizo nitapitia pale shuleni na mipira mipya. Nitaanza na mwalimu kwanza, kisha nimtafute yule binti nimwambie nimerudi, na nimuulize kama bado anaweza kunitoa jasho.

Samosho langu... samahani, simu hii inaandika inavyotaka. Shauri langu ndilo hilo. Naomba kuwasilisha.