Kipepeo wa ubaoni hamsaidii mkulima

Leo nagombana kidogo na walimu, na wazazi wasijifiche.

Juzi nilipita shule moja ya msingi hapa Karatu kuangalia shamba lao la mahindi. Nikawauliza watoto hatua za ukuaji wa kipepeo. Wakaimba wote: yai, lava, pupa, kipepeo! Safi. Tukatoka nje. Nikachimbua udongo chini ya mmea ulioliwa, nikatoa pupa wa kahawia, anang'aa, nikamweka kiganjani. "Hiki ni nini?" Mmoja akasema mbegu, mwingine kinyesi. Mwalimu naye kimya.

Sasa hayo ni masomo gani? Yule ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017 na anakula mahindi ya wazazi wa watoto hao hao. Mzunguko wake ni ule ule wa ubaoni, ila mwishoni anatoka nondo. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu juu ya jani, fungu moja mayai 100 hadi 200, yamefunikwa manyoya kama ukungu. Kiwavi akiwa mdogo dawa inamfikia. Akishazama kwenye moyo wa mmea na kujiziba kwa kinyesi chake, unanyunyizia majani bure. Akiwa pupa ardhini ndiyo kabisa. Na hapo ndipo wananipigia simu: "Bwana shamba, dawa ni feki." Wakati mwingine kweli ni feki, sikatai. Ila mara nyingi mtu amekosea hatua.

Mtoto wa darasa la tatu anayelijua fungu la mayai analiponda kwa vidole asubuhi kabla ya shule. Halina gharama hilo.

Mtaniambia vifaa hakuna. Vifaa gani? Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka kitawi cha mlimau chenye kiwavi, funika kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kaza kwa mpira. Majani mapya ya mlimau kila siku, msimpe mchicha, hali. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa kijani. Watoto wamchore wenyewe, si kunakili ubaoni. Akiwa pupa asiguswe. Wanaosema huu ni mchezo wa watoto wajue kwamba kule Amani, Muheza, wakulima walifuga vipepeo wakauza pupa nje ya nchi, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016.

Chupa ya pili iwe ya kiwavi wa mahindi. Weka udongo wa vidole vinne chini, na kiwavi mmoja tu, maana wanakulana. Kwa baridi yetu ya Karatu atachukua muda mrefu kuliko kule chini Mang'ola, msikate tamaa.

Kipepeo akitoka, mwacheni mabawa yakauke, kisha mfungulieni aende. Nondo akitoka, msithubutu kufungua chupa.