Tujue Kilichomo Ndani ya Kontena

Nchi isiyo na pwani nayo ina bandari, ijapokuwa bandari hiyo haimo ndani ya mipaka yake. Mwananchi wa Kampala aliyehangaika kutafuta petroli Januari 2008, wakati machafuko ya Kenya yalipoifunga njia itokayo Mombasa, alilifahamu jambo hilo pasipo kufundishwa. Kwa hiyo usalama wa vituo vya makontena si shauri la mabaharia peke yao.

Tangu tarehe 1 Julai, 2004, kanuni ya kimataifa yazilazimisha bandari zinazopokea meli za ng'ambo zipimwe udhaifu wake na ziwe na mpango wa ulinzi. Ni kanuni njema. Lakini wako walioisoma kwa jicho la bawabu: ukuta umepandishwa, taa zimeongezwa, basi. Sisi tulio askari hatuudharau ukuta. Hata hivyo, huko Ashdod, Israeli, Machi 2004, washambuliaji wawili hawakuruka ukuta wowote. Walifichwa ndani ya kontena, nyuma ya kizuizi cha uongo, wakapita langoni kama mzigo, na wakaua watu 10.

Wala si lazima adui awe mtu. Tarehe 12 Agosti, 2015, katika bandari ya Tianjin, China, kemikali iliyohifadhiwa kontenani ilikauka, ikapata joto, ikawaka. Askari wa zimamoto walifika upesi, kama iwapasavyo, bila ya kuelezwa sawasawa ni nini kilichorundikwa mbele yao. Milipuko ikafuata. Watu 165 walikufa na 8 hawakuonekana tena. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wazimamoto hao. Juni 2022 msiba wa namna iyo hiyo uliipata yadi ya makontena ya Sitakunda, Bangladesh, nao wazimamoto wakaingia motoni pasipo kujua kwamba palikuwa na hidrojeni peroksaidi, kemikali iuchocheayo moto.

Basi afisa apimaye udhaifu wa kituo na aanzie kwenye daftari. Achague kontena lolote, aulize: lina nini, ni la nani, limelala hapa siku ngapi, na limepangwa ubavuni mwa lipi? Ikiwa jibu lataka simu tatu na saa nzima, udhaifu ameshauona. Mizigo ya hatari itengwe, na orodha yake ifike mkononi mwa zimamoto kabla meli haijafunga gati; ikikaa kabatini mwa forodha haimsaidii mtu. Na mfanyabiashara aandikaye "sabuni" juu ya tindikali ili apunguziwe gharama ashitakiwe kama mtu ahatarishaye maisha, si kutozwa faini ndogo na kurudishiwa mzigo wake.

Uganda na Rwanda zina maofisa wao wa forodha Mombasa. Twazitaka serikali ziwaagize maofisa hao kuyahesabu makontena yetu yaliyolala huko kupita siku zake, hasa yale ya kemikali, na wenyewe waamriwe kuyaondoa.