Dawa ya kifua kikuu ya kuvuta: Nani atailipia?

MGONJWA wa kifua kikuu nchini kwa kawaida humeza tembe kwa miezi sita. Dawa huzunguka mwili mzima na huweza kudhuru ini, ilhali bakteria wamejificha mapafuni, ndani ya seli za kinga zilizowameza.

Mwaka 1997, David Edwards, Robert Langer na wenzao nchini Marekani walitengeneza chembe za kuvuta kwa polima inayovunjika mwilini, jamii ya ile ya nyuzi za kushonea majeraha. Walizifanya kubwa, zenye vitundu, ili seli hizo zisizimeze.

Kwa kifua kikuu, hesabu inageuka: kumezwa ndiko kunakotakikana. Chembe za maikromita moja hadi tano hufika ndani ya mapafu, zikamezwa na kuifikisha dawa alipo adui. Majaribio kwa wanyama yametia moyo, ingawa polima ikivutwa kila siku mabaki yake huenda yakarundikana.

Kizingiti kikubwa ni fedha. Insulini ya kuvuta ya Exubera (ambayo haikutumia polima hizi) iliidhinishwa 2006, na mwaka uliofuata Pfizer ikaiondoa kwa kukosa wanunuzi wa kutosha, licha ya kisukari kuwaandama matajiri pia. Wagonjwa wetu wa kifua kikuu hupewa tembe bila malipo. Chembe hizi zitanunuliwa na nani ila serikali na wafadhili, ambao tangu 2025 wamekuwa wakipunguza misaada?