Mwizi wa Sokoni na Shujaa wa Filamu

Filamu hizi mnazijua kuliko sisi tunaowafundisha. Mtu mpole anaishi na jamaa yake. Siku moja majambazi wanamvamia. Naye, akiisha kuzika, anatambua wito wake: kulipiza. Ndivyo ilivyo katika Death Wish ya mwaka 1974, aliyoigiza Charles Bronson. Batman naye, aliyeanza kuchorwa mwaka 1939, aliupata wito wake kwa kuwaona wazazi wake wakiuawa.

Hatuwalaumu kwa kuzipenda. Mahali ambapo askari akiitwa haji, moyo hufurahi kumwona mtu mmoja akimaliza kwa usiku mmoja kazi iliyoishinda serikali nzima. Sisi pia tulipiga makofi ujanani.

Lakini angalieni namna filamu inavyotengenezwa. Mtazamaji huoneshwa kwanza kosa likitendeka, na uso wa muuaji huuona kabla shujaa hajamfikia. Kwa hiyo shujaa hakosei; mtunzi alikwisha kumhakikishia. Sokoni kwetu Luvungi nani ametuhakikishia? Sauti moja inapaaza "Mwizi!", na kabla mtu hajaulizwa hata jina lake amekwisha kulala chini, mawe yanamwangukia, mwingine anatafuta tairi na petroli. Kila arushaye jiwe hujiona yeye ndiye shujaa. Tumewahi kumzika kijana wa namna hiyo. Simu aliyodaiwa kuiba ilionekana jioni ileile, nyumbani kwa mwenyewe, chini ya mto wa kitanda.

Mtatujibu: polisi wakimkamata leo, kesho yuko barabarani. Ni kweli, na inauma. Hatuna jibu jepesi. Ila vita vya mwaka 1996 vilipopita katika bonde hili la Ruzizi tuliwaona wale walioitwa kadogo, watoto waliobebeshwa bunduki, nao waliambiwa kwamba wamepata wito. Tangu siku hizo ni makundi mangapi yameshika silaha ili kukilinda kijiji, kisha kijiji kikayaogopa kuliko adui? (Batman mwenyewe, jambo ambalo wengi hulisahau, ana mwiko wa kutoua.)

Tunaye kijana mwingine, wa hapa Kivu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Vilipoletwa vyakula vilivyoharibika, alipewa fedha ili avipitishe. Akakataa. Alitishwa, na bado akakataa, kwa kuwa watu wangevila. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo.

Hakupigana na mtu. Wito wake haukuanzia kwenye kisasi; aliukuta katika kazi ya kila siku, mbele ya mzigo uliooza, pasipo mtu wa kumshangilia. Wala hakulindwa na mtunzi yeyote.

Katika mkutano wenu ujao, basi, msitusimulie mngemfanya nini mwizi. Tusimulieni mlifanya nini siku ile wenzenu walipoanza kuokota mawe.