"Jana Alikuwa Sawa": Nani Alimpima?

Sentensi ninayoichukia zaidi kwenye matanga ya mtoto mchanga ni hii: "Jamani, si jana alikuwa sawa?" Nimeisikia Kitale, nimeisikia Bungoma. Watu wanatikisa vichwa, wanaimba, wanarudi makwao. Hakuna anayeuliza kaswali kamoja: nani alimpima akajua yuko sawa?

Leo wacha niulize mimi. Ukikasirika, sawa tu.

Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu. Oksijeni anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma, na kuna kamshipa karibu na moyo kanakopitisha damu kando ya mapafu. Akishazaliwa, kamshipa hako kanajifunga ndani ya siku chache. Kwa wengi hakuna shida. Lakini kuna watoto wanaozaliwa mishipa mikuu ya moyo imebadilishana nafasi, au njia ya damu kwenda mapafuni imeziba. Hao, kamshipa hako ndiko kanawaweka hai. Kwa hivyo mtoto anazaliwa akilia vizuri, kilo tatu, ananyonya, mnaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya tatu kamshipa kanafunga. Anapumua mbio, ulimi unageuka rangi, na wewe uko ndani ndani huko Chwele au Endebess, usiku, unatafuta boda.

Hakuwa sawa jana. Sisi ndio hatukuangalia.

Halafu midomo inaanza. Mama alikula nini? Alikosana na nani? Nani alimtazama mtoto kwa jicho baya? Kukhu anataka dawa ya mitishamba, mama mkwe ananuna. Watu wangu, moyo wa mtoto unaundwa ndani ya wiki nane za kwanza za mimba, wakati mama wengi hata hawajajua wana mimba. Mara nyingi hata daktari hawezi kukuonyesha sababu moja. Kumlaumu mama aliyezika ni ukatili, hata ukiufunika na maombi.

Neno lingine linalonichosha ni "nadra". Ati haya ni magonjwa nadra. Ukichukua mmoja mmoja, kweli. Mtoto ambaye kiwambo chini ya mapafu kina tundu, utumbo ukapanda kifuani na pafu likakosa nafasi ya kukua, huyo si wa kila wiki. Lakini jumlisha. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, karibu 8 hadi 10 wana kasoro ya moyo, na karibu robo ya hao hali yao ni ya kuhitaji matibabu mazito mapema. Wodi ikizalisha watoto 300 kwa mwezi, hao ni karibu watatu kila mwezi. Unadra uko wapi hapo?

Na kipimo kipo. Mnakumbuka 2020, wakati wa korona, kale kamashine ka kubana kidole kusoma oksijeni? Ka mtoto kanafungwa kwenye mkono wa kulia na mguu, baada ya saa 24 hivi. Hakuna sindano, hakuna damu, dakika chache tu. Marekani ilikiingiza kwenye orodha ya vipimo vya kila mtoto mchanga mwaka 2011. Macho peke yake hayatoshi, tena kwenye ngozi yetu nyeusi: oksijeni inaweza kushuka sana kabla hujaona rangi yoyote ya bluu.

Kuna watakaosema Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na huku juu oksijeni husoma chini kidogo. Ni kweli. Basi madaktari wetu wakae waweke kiwango chetu. Hiyo ni kazi ya kufanya, si sababu ya kutopima.

Halafu kuna yule wa kusema, "Hata tukijua, upasuaji ni Nairobi, pesa iko wapi?" Hapo ndipo ninapandwa na hasira. Kwanza, oksijeni ikiwa chini si lazima iwe moyo. Inaweza kuwa nimonia au maambukizi ya damu, na hayo yanatibiwa papa hapa. Pili, kuna dawa ya dripu inayoitwa prostaglandini, inayoweka kamshipa kale wazi mpaka mtoto afike kwa wataalamu. Eldoret si mwezini. Ni kama kilomita 70 kutoka Kitale, na kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa tangu 2015. Lakini huwezi kumpa rufaa mtoto ambaye hujui ni mgonjwa. Harambee ya matibabu tunaweza kuchanga. Tumechoka kuchanga ya jeneza.

Waheshimiwa wa Trans Nzoia na Bungoma, mnapenda kukata utepe. Kateni, hatukatai. Lakini bajeti ijayo tunataka kuona mstari mmoja: kamashine ka oksijeni ka watoto katika kila wodi ya kujifungulia, muuguzi aliyefunzwa kukatumia, na ambulensi yenye mafuta. Na kipimo kiingie kwenye malipo ya kujifungua ya SHA. Kamashine hako hakafikii bei ya simu zenu.

Na wewe mama, na wewe baba unayengoja nje na taulo: msitoke wodini kabla ya kuuliza, "Sista, oksijeni ya mtoto ni ngapi?" Nyumbani, mtoto akitoka jasho akinyonya, akiachia titi kila mara kutafuta pumzi, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, au ulimi ukiwa wa bluu, usingoje asubuhi. Usiende kwa jirani. Nenda hospitali.

Uliza hilo swali hata kama watakuona msumbufu. Ni afadhali uitwe msumbufu wodini kuliko kuitwa jasiri kaburini.