Nenda na Asiyelipenda

Mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo habari za wivu, simu na mawifi, tuongelee gari. Ngoja, usifunue ukurasa mwingine! Nimesema gari, lakini ukifika mwisho utaona bado tuko palepale kwenye mapenzi na pesa, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya nyumba moja, mnajua wenyewe.

Nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu aliujua kabla hajakubali kuolewa. Napenda magari yanayokimbia. Si magari ya kifahari, wala yale makubwa ya kutishia watu barabarani. Napenda yale ambayo ukiyaona yamepaki nje ya duka utadhani ni gari la mwalimu la kupelekea watoto shule. Milango minne, buti la kawaida, ila chini ya boneti kuna simba amelala. Na katika hayo, la kwangu ni moja tu: Subaru Impreza WRX.

Ugonjwa huu niliupata Arusha, kwa mjomba. Mwaka 1997, Mskoti Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza. Mashindano yale yalipoanza mwaka 1953 yalikuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo mjomba aliyahesabu kama ya kwao. Na mwaka huohuo Subaru ilibeba taji la dunia la watengenezaji kwa mara ya tatu mfululizo, baada ya 1995 na 1996. Mjomba alikata picha ya lile gari gazetini akaibandika sebuleni, jirani kabisa na picha ya harusi yake. Mkewe alinuna wiki nzima. Nilikuwa mtoto, nikacheka. Sikujua kwamba siku moja zamu itakuwa yangu.

Kwa wasiolijua, WRX ni ndugu wa barabarani wa gari lile la mashindano. Ile iliyouzwa Japani mwaka 2004 ina injini ya cc 1994 tu, lakini ina turbo, na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250. Gari la kawaida lenye injini ya ukubwa huo, lisilo na turbo, mara nyingi lina kama 130 mpaka 150. Silinda zake nne hazikusimama, zimelala, mbili huku na mbili huku, na nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Ukichanganya na mabomba yake ya ekzosi ambayo hayalingani urefu, unapata ule mngurumo ambao anayeupenda anautambua akiwa kitandani, gari likiwa mtaa wa tatu.

Basi bwana, mwaka jana gari letu la nyumbani lilichoka. Tukakaa chini mimi na mama watoto, tukakubaliana: tutanunua jingine, la mtumba, lisilozidi milioni 18. Hela nyingine iliyokuwa benki ilikuwa ya mabati. Nyumba yetu ilikuwa imesimama kwenye lenta kwa miaka miwili, inanyeshewa. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Wiki haikuisha, mshkaji wangu mmoja akanitumia picha. WRX ya 2004, buluu, gia za mkono. Milioni 22.

Nilikwenda kuliona peke yangu, jioni, nimetoka kazini. Kaka mwenye gari akaliwasha. Nyie, acheni tu! Mimi ambaye nimesoma mawasiliano chuo kikuu, ambaye kila mwezi nawashauri ninyi msifanye uamuzi mkiwa na hisia kali, nilisimama pale mdomo wazi. Akaniambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na hela mkononi. Nikamrushia milioni moja kwa simu palepale, kama kishika uchumba. Nilifika kwake kama mteja, nikaondoka kama bwana harusi.

Nyumbani sikusema kitu. Nilijipa moyo kwamba nitampeleka mama watoto Jumamosi, ataliona, atalipenda, na zile milioni nne za ziada tutazijadili baadaye taratibu.

Jumamosi tukafika. "Karibu shemeji," yule kaka akasema kwa bashasha zote. Mimi nikaanza kulizunguka gari huku nikitoa darsa: hapa turbo, hapa ndipo inapovuta hewa, angalia viti hivi. Mwenzangu hakuwa na habari na darsa langu. Alisimama mbele ya gari, akaweka pochi yake juu ya boneti, kisha akaweka na mkono.

"Kaka, si umesema gari hii hujaiwasha tangu jana?"

"Ndiyo shemeji."

"Mbona boneti la moto?"

Yule kaka akasema ni jua. Gari lilikuwa chini ya mwembe, kwenye kivuli tangu asubuhi. Mke wangu hakubishana. Akazunguka nyuma, akainama. "Na tairi hizi za nyuma mbona zimekwisha na za mbele ni mpya?" Halafu akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini unaliuza? Kaka akajibu kwamba amepata gari kubwa la familia. Mimi alikuwa ameniambia anasafiri kwenda kuishi nje.

Mpenzi msomaji, nataka uelewe kitu. Mambo yale mawili ya kwanza mimi nilikuwa nayajua! Nimeyasoma miaka na miaka. Injini ikiwa ya moto inaficha madhambi. Asubuhi, oili ikiwa imeshuka yote chini, ndipo beringi zilizolika zinapogonga, na ndipo moshi wa bluu unapoonyesha kwamba turbo au pistoni zinapitisha oili. Muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika anakunyima dakika ile moja yenye ukweli.

Na tairi ndiyo kabisa. Gari hili la gia za mkono lina difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika, kwa hiyo za mbele na za nyuma hazizunguki sawa hata ukienda njia iliyonyooka. Ile difu inafanya kazi muda wote kana kwamba gari linakata kona, inachemka, inakufa mapema. Gari hili halitaki tairi mbilimbili, linataka zote nne zilingane. Na aliyebana matumizi kwenye tairi mbili, unadhani kwenye oili alikuwa mkarimu?

Yote hayo nayajua. Ila sikuyaona, kwa sababu nilikuwa nasikiliza mngurumo. Aliyeyaona ni mtu ambaye hajui turbo ni nini, na wala hana haja ya kujua. Yeye hakuwa amelipenda.

Tulirudi kimya. Pale kwenye taa za Mwenge, bila kunigeukia, akaniuliza, "Umeshampa ngapi?"

Nikameza mate. "Milioni moja."

"Ya mabati?"

"Ya mabati."

Taa zikawaka kijani, wa nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Akasema taratibu tu, "Mimi gari sijalikataa, baba. Nimekataa kuletwa kuangalia kitu ambacho wewe umeshakiamua."

Nimewahi kugombezwa kwa sauti kubwa maishani. Hakuna siku iliyouma kama ile.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa mlangoni kwa yule kaka, bila taarifa, sisi wawili na fundi. Fundi nilimlipa shilingi 60,000. Akashika boneti: baridi. Akaomba funguo. Gari likawaka, moshi wa bluu ukatoka, na kutoka chini ya injini tukasikia ko-ko-ko, ukikanyaga mafuta nayo inakimbia. "Bosi, zima," fundi akasema. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, akaielekeza juani. Vichembe vya chuma vikameremeta kama rangi ya kucha ya kwenda harusini. Beringi za chini, zile zinazoshika mikono ya pistoni, zilikuwa zinajisaga. Injini ilikuwa imeanza kunoki. Kwa milioni 22 ningenunua ngurumo ya miezi michache na safari ndefu za Gerezani kutafuta injini nyingine.

Kishika uchumba changu? Kaka alinirudishia laki sita. Laki nne zilizobaki nimeziandika kama ada ya shule. Nanyi nawapa masomo bure:

1. Gari la mbio la mtumba likague asubuhi, likiwa baridi. Muuzaji akikuwashia kabla hujafika, panga siku nyingine. Akikataa, ameshakujibu.

2. Angalia tairi zote nne. Zinaongea tabia ya mwenye gari kuliko yeye mwenyewe. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote, zifanane aina na zilingane kulika.

3. Uliza taiming belti. Injini hii ya WRX inatumia mkanda ambao kawaida hubadilishwa kwenye kilomita laki moja. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo huongelei tena mkanda. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake, pamoja na wota pampu, itoe kwenye bei.

4. Uliza kilichoongezwa. Vijana wengi wanapandisha presha ya turbo, wanafunga ekzosi kubwa, halafu kompyuta ya gari hawaigusi. Kisha wakitaka kuuza wanang'oa vitu, wanaacha matundu kwenye dashibodi. Lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ni adimu. Ukilipata, usijali rangi.

5. Soma karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zifanane na za kwenye kadi. Faini za barabarani zifutwe kabla ya kuhamisha umiliki. Kama linaagizwa Japani, omba karatasi ya mnada. Ukiona herufi R mahali pa daraja, gari hilo liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Si lazima ulikimbie, lakini usililipie bei ya zima.

6. Usimalize hela yote kwenye kununua. Mimi nasema bakiza angalau sehemu moja ya tano. Turbo ile ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, oili haitaki kucheleweshwa, na bima ya gari kama hili iwe kubwa, si ndogo.

7. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: nenda na asiyelipenda. Mshkaji mwenye ugonjwa kama wako atakusaidia kuugua tu. Mchukue mkeo, mumeo, dada yako, hata mama mkwe! Mtu ambaye ataliangalia gari kama anavyoangalia nyanya sokoni. Na mwambie ukweli wote kabla hamjafika, hasa kama kuna hela imeshatoka, maana macho yake hayatakusaidia kitu kama umemleta awe shahidi.

Najua mnataka kujua mwisho wake. Mabati yalikwenda juu kwanza, hilo halikuwa na mjadala. Mwezi wa nne baada ya sakata lile tukapata WRX nyingine, rangi ya fedha, kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa ameandika kila oili aliyomwaga kwenye daftari la shule, tarehe na kilomita. Milioni 17 na nusu. Sehemu ya tano niliyowaambia tulikuwa tumeichanga pembeni kwa miezi ile minne, na milioni 18 hatukuzivuka. Tulifika alfajiri. Mke wangu hakusubiri kukaribishwa, alikwenda moja kwa moja kuweka mkono juu ya boneti. Kisha akanigeukia akatikisa kichwa kwamba sawa, ni baridi. Wala hakulipenda, mpaka leo anasema lina kelele. Lakini alilikubali, na mimi nimegundua kuwa kukubaliwa kunadumu.

Gari linakunywa mafuta, sitawadanganya. Naye kila Jumamosi jioni huniuliza nimejaza ya shilingi ngapi. Siku hizi namtajia namba ileile iliyo kwenye risiti.

Tukutane mwezi ujao. Na wewe kaka ambaye tayari umemtumia mtu kishika uchumba leo asubuhi, funga gazeti hili, nenda kaongee na mwenzako.